Spesioza wa Leo

Jumamosi iliyopita nilikwenda Busunzu kwenye harusi ya Beatha, binti wa Baba Leonsi, na kabla sijakalia hata kiti nilichopewa, mwenye shughuli mwenyewe alinishika mkono akanipeleka mpaka penye mtungi. Kwetu Buha, na kwa ndugu zetu Warundi vilevile, pombe ya ndizi ya heshima hainywewi kwa glasi. Mtungi unawekwa katikati, mirija inatumbukizwa, watu wanauzunguka. Na kuna utaratibu wake: mwenye mtungi huonja kwanza, kila mtu aone kwamba haina dawa, ndipo awakaribishe wageni. Sasa baba wa bibi harusi ni yeye, mtungi wake, ndizi zake, na bado akachukua mrija, akaufuta kwa kiganja, akanipa mimi. "Onja, mwenye mtungi," akasema kwa ile sauti yake nzito inayotokea chini ya tumbo. Wazee wa upande wa bwana harusi wakatazamana. Huyu nesi wa Kibondo ni nani hata aonje pombe ya harusi kabla ya baba mtu? Jenifa alikuwa nyuma yangu na mtoto mgongoni. Alicheka mpaka mtoto akaamka. Shabani, Mwislamu safi asiyegusa pombe, alinyanyua soda yake juu kama kombe la mpira. Sisi wanne tulijua. Wengine walibaki wanauliza, na kwa kuwa nimechoka kuulizwa, nimeamua kuuandika mwaka ule wote uliotukutanisha, kama ulivyokuwa.

Habari za nilizaliwa na nani na baba alikuwa na ng'ombe wangapi nitazipita. Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu ambazo nilishamweleza padri, akazisikiliza, akasema zinatosha. Mwaka ninaousema nilikuwa nauza dukani kwa Bi Mwanaidi, Kasulu mjini. Bi Mwanaidi watu wake ni wa Tanga, na ingawa amezeekea kwenye baridi yetu hii, Kiswahili chake hakikuwahi kupanda mlima. Kilibaki kulekule pwani, laini, chenye pole na ahsante nyingi. Nyuma ya duka kulikuwa na stoo, na hiyo stoo ndiyo shule yangu, kwa hiyo mniruhusu niieleze. Magunia ya maharage ukutani mpaka karibu na dari. Ndoo za mawese. Dagaa wa Kigoma kwenye kiroba, harufu yao ikikaa kwenye nywele zako mpaka kanisani. Dirisha moja dogo lenye nondo, na kwenye kona ya hilo dirisha, hapo tu, si hatua moja kulia wala kushoto, mtandao ulikuwa unashika. Nilisimamisha simu juu ya kopo la mafuta ya kupikia, nikaiegemeza kwenye jiwe la kupimia, na hilo ndilo lilikuwa dawati la mwalimu.

Redio ndiyo iliyoniletea habari. Walitangaza shule ya sekondari isiyo na majengo: unasoma kwa simu, popote ulipo, mpaka unafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na nafasi chache za ufadhili zipo kwa watakaoandika insha nzuri ya kwa nini wanataka kurudi shule. Mimi nilikuwa nataka unesi. Nilikuwa nautaka tangu zamani, nautaka mpaka nikipita nje ya hospitali nahesabu nguo nyeupe kwenye kamba, na bila cheti cha kidato cha nne huo unesi ningeuona kwenye kamba tu. Nikaandika. Siku jibu lilipoingia nilikuwa nampimia mteja mchele, na nilipiga ukelele nikamwaga mchele wote sakafuni. Bi Mwanaidi akatoka mbio na ufagio. "Yuko wapi? Yuko wapi huyo nyoka?" Nikamwambia si nyoka, Bi Mwanaidi, ni shule! Akakaa juu ya kreti la soda, akashika kifua. "Haya mwanangu, hongera," akasema, "lakini siku nyingine furaha yako ipige hodi kwanza."

Wengine walikuja wenyewe, kama watu wanavyokuja panapochemka chungu. Jenifa alikuwa anashona kwenye baraza la duka letu. Alisikia sauti ya mwalimu, akachungulia, akakaa. Shabani, mpwa wa Bi Mwanaidi, bodaboda, alikuja kuchaji simu akasahau kuondoka. Wote wawili walikuwa wameishia kidato cha pili kama mimi. Na Baba Leonsi, jina lake la ubatizo Balthazari, alikuwa mkulima wa Nyakitonto aliyetuletea maharage kwa baiskeli. Yeye alikuwa mtu mzima tayari, baba wa watoto, na yeyote kati yetu sisi vijana angeweza kuwa mwanawe. Ni Mrundi, alisomea ukubwani, mke na watoto tayari, kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na kambi ilipofungwa, shule yake ilifungwa naye akiwa katikati ya sentensi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe. Baadaye alipata uraia, akalima, akafaulu hata ule mtihani wa maarifa unaokuruhusu kuujaribu wa kidato cha nne, lakini hakuwahi kupata wa kumfundisha. Siku ya kwanza aliposikia mwalimu anaongea ndani ya simu alivua kofia. "Mana yanje," akasema, akimwita Mungu wake kwa Kirundi, "kalasi ya shule imenifuata mpaka kwenye maharage."

Ujumbe wa kwanza wa shule ulikuja na masharti, na la kwanza liliandikwa kwa herufi nene: akaunti moja, mwanafunzi mmoja. Msije mkafikiri hatukulisoma. Tulilisoma kwa sauti, wote wanne, tumekaa juu ya magunia. Jenifa akauliza maana yake nini. Baba Leonsi akafikiri kidogo, akasema, "Ni sawa na mtungi. Mtungi hauwezi kuwa na wenyewe wanne, watagombana. Mwenye mtungi ni Spesioza. Sisi ni wageni wake." Tukaona ni sharti la haki kabisa, tena lenye adabu, nikabonyeza nimekubali. Kwamba kuna watu duniani wanaoweza kuweka kitu kitamu katikati ya chumba chenye watu wanne wakataka mmoja tu anywe, wenzake wamkodolee macho, hilo halikutupitia kichwani hata kidogo. Kwetu anayekula amefunga mlango ni mchawi, au ni mgonjwa, na kwa vyovyote vile majirani wanaitwa.

Basi tukanywa. Loh, tulikunywa jamani! Leo nikiona vijana wanavyolalamika kwamba masomo ya simu yanachosha, nashindwa kuwaelewa. Sisi tulikuwa tumezoea mwalimu wa ubaoni, anayesema mara moja na ole wako umwulize tena. Huyu wa simu unamrudisha nyuma. Baba Leonsi alipogundua hilo alimrudisha mwalimu wa hesabu nyuma mpaka nikamwonea mwalimu huruma. Nakumbuka video ya moyo, ule moyo mwekundu ukidunda kwenye kioo, damu ikiingia huku na kutoka kule, nasi wote tumeshika vifua vyetu tukilinganisha. Nakumbuka ugali wa muhogo kwenye sinia moja, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na mabishano juu ya sinia, mtu ameshika tonge hewani hataki kulimeza mpaka akubaliwe. Kila mmoja alikuwa na somo lake la kiburi. Jenifa, hesabu. Shabani, Kiingereza, maana alikuwa akiwabeba wageni wa mashirika kwenye pikipiki na alikuwa hanyamazi njiani. Baba Leonsi, historia, kwa sababu nusu yake ilikuwa imempitia juu ya mgongo. Mimi, biolojia. Na ukuta kati ya stoo na duka ulikuwa wa mbao tu, kwa hiyo somo lilichanganyika na biashara: "Mmea hutengeneza chakula chake kwa kutumia nipe sabuni ya mche mwanga wa jua." Bi Mwanaidi alipokuwa peke yake alikuwa akijibu maswali ya mwalimu kutoka kaunta.

Majaribio ya kila wiki tuliyafanya kwa zamu. Leo anayeshika simu ni huyu, kesho yule, wengine wanamzunguka wanabisha, na yeye ndiye anayeandika. Wala hatukujificha. Tuliona ndiyo njia ya kila mgeni kupata mrija. Huko Dar es Salaam, Mwalimu Neema, aliyekuwa anatufundisha historia na ndiye pia mkuu wa shule, alikuwa akinisifu kwa ujumbe: "Spesioza, insha yako ya historia ni ya mtu mzima." Nikamsomea Baba Leonsi, naye akajinyoosha, akaenda nje kutazama baiskeli yake bila sababu yoyote.

Kisha shule ikaleta utaratibu mpya. Jumamosi saa nne asubuhi kutakuwa na kipindi cha moja kwa moja, mwalimu anaita jina, mwanafunzi anajibu kwa sauti yake, shule nzima inasikia. Jumamosi ya kwanza ikaangukia zamu ya Baba Leonsi, na dukani kulikuwa na wateja, kwa hiyo mimi nilikuwa kaunta nafunga sukari, sikio ukutani. Nikamsikia Mwalimu Neema anaita, "Spesioza wa Kasulu, tueleze kwa nini wenyeji waliwapinga wakoloni." Nikamsikia Baba Leonsi akikohoa. Halafu nikasikia makofi, yale makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa, kama tunavyoamkiana wakubwa kwa wadogo huku kwetu. "Mwakeye, mwalimu," akasema kwa ile sauti ya pipa. "Mwakeye neza. Huko mvua zinanyesha? Watoto hawajambo? Na mzee wa nyumbani, na yeye mzima?" Nilijua shule nzima, kuanzia Mtwara mpaka Bukoba, inasikiliza. Mwalimu Neema akasema polepole, "Samahani. Ninaongea na nani?" Na Baba Leonsi, bila hata chembe ya wasiwasi, akajibu, "Spesioza wa leo ni mimi, mwalimu." Akaendelea na wakoloni, akawapanga vizuri sana, sababu moja baada ya nyingine. Mimi kilo ya sukari ilikuwa imenitoka mkononi.

Adhuhuri ujumbe ukaja. Akaunti imefungwa. Jina langu halitapelekwa kwenye kituo cha mtihani mpaka nitoe maelezo, na Mwalimu Neema atanipigia kesho saa nane kwa video. Usajili wa mtihani ulikuwa unakaribia kufungwa. Ukiukosa huo, unesi umekwenda mwaka mzima, na ufadhili haukuwa wa kurudiwa. Jioni ile hatukubishana juu ya sinia, jambo ambalo chumba kile hakikulizoea. Jenifa ndiye aliyeanza. "Sema tulikuibia namba ya siri." "Noma gani?" akasema Shabani. "Mimi niko poa. Sema ni mimi, bodaboda kila siku tunasingiziwa." Baba Leonsi alikuwa anafinyanga tonge lilelile muda mrefu. "Mwana wanje," akaniambia, "mwenye mtungi hanyimwi pombe yake kwa ajili ya wageni. Sisi tutaondoka. Nimeshapata zaidi ya nilichotegemea." Nilikasirika jamani, sijui hata nilimkasirikia nani. Niliwaambia wanyamaze wale, ugali unapoa.

Saa nane Mwalimu Neema akatokea kwenye kioo, mama wa makamo, miwani, ukuta mweupe nyuma yake. Nilikuwa peke yangu chumbani. Wenzangu nilijua wako nyuma ya mbao, naona kivuli cha kofia ya Baba Leonsi kwenye ufa. Nikamwamkia. "Marahaba. Wewe ndiye Spesioza wa kweli?" Nikasema ndiye mimi. "Na majaribio nani alikuwa anayafanya?" Nikasema zamu. "Zamu ya nani?" Nikamweleza, mtungi, mirija, yote, naye akawa ananitazama kama mtu anayetafuta kicheko na hataki kukipata. Mwisho akasema, "Spesioza, naona hamkuwa na nia mbaya. Nitakufungulia. Badilisha namba ya siri, soma peke yako, na kesho jina lako nalipeleka. Sawa?"

Neno sawa lilikuwa limeshafika kwenye meno. Naapa, nililionja. Niliona nguo nyeupe kwenye kamba, safari hii zangu. Halafu nikajisikia nasema, "Mwalimu, ukinifungulia peke yangu utakuwa umefungulia robo ya mwanafunzi. Hesabu za Spesioza zinashona barazani. Kiingereza chake kiko kwenye pikipiki. Historia yake inapanda maharage Nyakitonto. Mimi hapa nina moyo na mapafu tu." Machozi yakanitoka, na yalinitia hasira. "Bila wao ningekuwa nimeshaacha zamani. Ndiyo hivyo. Kama ni kufunga, funga tu."

Hapo mlango ukasukumwa. "Hodi humo ndani ya simu!" Bi Mwanaidi akajipenyeza mbele ya kioo na mtandio wake mzuri wa Idi. "Mwalimu, mwanangu, hujambo? Mimi ndiye mwenye stoo. Hawa nawasikia ukutani tangu masika. Usiniambie hawasomi, maana hata mimi niliyeko kaunta najua moyo una vyumba vinne, na nyumba yangu ina viwili. Kama ni wizi, basi andika, mwizi wa tano ni mimi." Mwalimu Neema akavua miwani. Kicheko alichokuwa anakikimbia kikamkamata, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akawa mwalimu tena. "Kesho saa nne, wote wanne. Mmoja mmoja chumbani, wengine watoke nje kabisa. Na kila mmoja nitamwuliza somo ambalo si lake."

Yemwe! Hatukulifikiria hilo. Kesho yake Bi Mwanaidi alisimama mlangoni kama askari wa gereza. Shabani aliingia akaulizwa mapafu, akatoka anatokwa jasho anacheka. Jenifa, historia. Mimi nilipewa hesabu, na nilipoona swali nikasikia sauti ya Jenifa ikinigombeza kama siku zote, "Usiruke, pima kwanza!" nikapima kwanza. Baba Leonsi aliingia wa mwisho, naye alipewa hesabu pia, ndio ugonjwa wake. Tulisimama ng'ambo ya barabara, hatusikii kitu, Jenifa ananibana mkono mpaka damu imesimama. Alitoka kofia mkononi. "Umepata?" tukamwuliza. "Oya," akasema akitikisa kichwa. "Sikupata. Nikamwambia mwalimu, jibu silijui, lakini mahali ninapopotea napajua, nikamwonyesha." Tukajua basi, tumekwisha. Jioni akaunti ikafunguka yenyewe. Juu, jina langu. Chini yake, majina matatu, na ujumbe mfupi: "Mtungi nimeuelewa. Majina yote manne yameenda kituoni. Na mzee wenu mwambieni, anayejua anapopotea si mpotevu." Tulipiga kelele mpaka majirani wakaja na ndoo za maji wakidhani stoo inaungua.

Mtihani tuliufanya kwenye shule ya kawaida, yenye ubao na madawati, kila mtu na meza yake, mbalimbali, kimya. Nakumbuka ule ukimya ulivyonishtua. Mwaka mzima sikuwahi kusoma neno lolote bila mtu kubishana nami. Lakini nilipoinamisha kichwa nikawasikia wote, mmoja kwa kila somo, mpaka na Bi Mwanaidi na sabuni yake ya mche. Nilifaulu, nikaenda chuo cha unesi, na sasa ni miaka kadhaa niko Kibondo, nguo zangu nyeupe ziko kwenye kamba yangu. Jenifa alifaulu. Shabani alipenya tundu la sindano. Baba Leonsi alifaulu yote isipokuwa hesabu. Akarudia, zikamgomea. Akahamia Busunzu, akarudia tena, zikamgomea. Watu wakamwambia, mzee, una wajukuu sasa, hicho cheti unakitakia nini? Naye huwajibu kwamba kuna sentensi aliiacha katikati, hajaimaliza.

Basi juzi harusini, nimeonja, nimekula, Bi Mwanaidi ametuletea ndoo nzima ya visheti kwa mkono wa Shabani, ngoma imepamba moto, mara Baba Leonsi akanivuta nyuma ya jiko, suti yake mpya inambana makwapani. Akatoa simu mfukoni. "Mwana wanje, kuna kipindi cha hesabu sasa hivi. Pembetatu. Na egzame iko karibu." Akatazama kule Beatha alikokaa na shela lake, akanitazama tena, na niliona amebanwa kwelikweli. "Siwezi kumwacha mwanangu, na siwezi kuacha pembetatu. Nikalie hicho kipindi." Kisha huyoo, akarudi kwenye ngoma.

Nikakaa juu ya gunia la mchele, simu nikaiegemeza kwenye sufuria. Jenifa akaja na sahani ya pilau, akakaa. Shabani akaja na soda, akakaa. Mwalimu alikuwa kijana nisiyemjua, anaita majina haraka haraka. "Balthazari?" akaita. "Balthazari wa Busunzu, upo?" Nikakunja viganja, nikapiga makofi taratibu, nikamwamkia, nikamwuliza mvua, nikamwuliza watoto. "Samahani," akasema yule kijana, "ninaongea na nani?"

"Balthazari wa leo ni mimi, mwalimu," nikasema. "Endelea, tunakusikiliza."